Wiki tatu hazitoshi kufunga hata ndoano moja ya nywele



Jumanne ijayo komite ya eneo letu itaketi na shirika moja la kiutu kujibu swali moja tu. Fedha za mafunzo ya ufundi zimepatikana. Zinatosha kufundisha watu 200 kwa wiki tatu, ama watu 25 kwa wiki 24. Shirika linasema sisi wenyewe tuchague. Nimezunguka vibandani siku nne na kinasa sauti changu, na karibu kila niliyemwuliza amejibu: 200. Ukitazama haraka, ndilo jibu la haki. Mimi nasema 25, na najua nitatukanwa. Naomba mnisikilize kwanza, maana nitaanza mbali, Nairobi, na jambo lenyewe litawachekesha.

Mtoto wa dada yangu alivuka ziwa mwaka 1996, wakati wa vita ile ya kwanza, akiwa na miaka minane. Alikulia Nyarugusu, upande wa Kigoma, kisha akaenda kutafuta maisha Nairobi. Leo anaishi Kayole, mtaa ambao ukipita jioni unasikia Kibembe na Kifuliiru na Kiswahili chetu, utadhani uko sokoni Baraka. Nilipomsindikiza mgonjwa wetu kwenye matibabu huko, nilikaa kwake siku kumi na saba. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, namkuta ameketi kwenye meza ndogo dirishani, ameinama juu ya kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Nikauliza kazi gani hii. Akasema, "Mujomba, ninafunga wadudu."

Wenyewe wanasema flai. Ni chambo cha kudanganya. Katika mito ya baridi ya Uingereza na Marekani kuna samaki anayeitwa trauti. Hata Kenya yuko, ingawa si mwenyeji: wazungu walimleta mwaka 1905 wakamtia katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti anapanda juu ya maji kula wadudu walioangukia hapo. Mvuvi hawezi kumtungika mdudu halisi kwenye ndoano akamrusha mita kumi na tano bila kumpasua, kwa hiyo anafunga ndoano kwa uzi, nywele na manyoya mpaka ifanane na mdudu na ielee kama yeye. Wavuvi hao si watu wa njaa. Wengi wakishamkamata samaki wanamtoa ndoano taratibu, wanamrudisha majini, wanaenda nyumbani wamefurahi. Nilipomsimulia hilo mama mmoja hapa kambini, aliacha kupepeta mchele akaniangalia kama nimeugua.

Lakini tusiwacheke sana, maana hiyo michezo yao inalisha watu. Kazi ya flai ilianza Kenya enzi ya walowezi, waliokuwa wakivua huko mlimani, halafu ikawa biashara ya kuuza nje. Ukiingia leo katika duka la vifaa vya uvuvi London au kwingine Ulaya, flai unayoinunua huenda imefungwa na mama wa Kenya anayelipwa kwa dazeni. Huko dukani flai moja tu ya aina ngumu ni dola mbili, tatu, hata zaidi. Fundi anapata sehemu ndogo sana ya hizo, na mpwa wangu analalamika juu ya hilo kila jioni. Sikuja hapa kusifu wanunuzi wake. Nataka muone kitu kingine, na ili mkione lazima niwaeleze kazi yenyewe inavyofanyika.

Flai nyepesi mtu mwenye macho mazuri anajifunza kwa siku chache. Unazungusha uzi, unafunga unyoya, unamaliza kwa fundo. Ndizo anazoanza nazo kila mtu, na kwa sababu kila mtu anaziweza, bei yake iko chini. Halafu kuna zile za nywele za kuzungusha. Mpwa wangu anafunga moja inayoitwa Goddard Caddis. Waliibuni Waingereza wawili, John Goddard na rafiki yake Cliff Henry. Inaiga mdudu mdogo wa mtoni ambaye akiwa bado funza anaishi chini ya mawe, ndani ya nyumba anayoijenga mwenyewe kwa mchanga na vijiti. Akikomaa anapanda juu, ana mabawa yaliyolala mgongoni kama paa la nyumba. Hilo paa ndilo linalotengenezwa kwa nywele.

Nywele ni za ayala, yule mnyama tunayemsoma katika Zaburi. Huku kwetu hayuko, na Kenya pia hayuko. Isitoshe, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ngozi zinatoka Marekani, ambako ayala wanawindwa kila mwaka. Kwa nini ayala na si mbuzi, ambaye tunaye? Nilimwuliza hivyo. Akaukata unywele mmoja kwa wembe akaniambia nitazame. Ndani si mzito kama unywele wa mbuzi, umejaa vyumba vidogo vya hewa, kama bua la mafunjo ukilipasua. Ndiyo maana flai hiyo haizami. Na kuna jambo la pili: kitu chenye hewa ndani ukikibana katikati kinafumuka pande zote mbili. Kamata kitita cha majani makavu, kifunge kamba katikati uikaze, uone ncha zinavyosimama. Nywele za ayala zinafanya vivyo hivyo chini ya uzi.

Sasa kazi. Ndoano inabanwa kwenye kibanio kidogo cha chuma kilichofungwa ukingoni mwa meza. Mgongo wake unaachwa mtupu, bila uzi, ili nywele ziweze kuteleza. Unakata kitita cha nywele, unene wa kalamu ya risasi au pungufu, unakichana kwa kitana mpaka sufi yote ya chini itoke, maana sufi ikibaki nywele hazizunguki. Unakilaza juu ya ndoano. Unapitisha uzi mara mbili juu yake, umelegea, haubani kitu. Mara ya tatu unaanza kuvuta, polepole, na katika kuvuta huko huko vidole vya mkono wa kushoto vinaanza kuachia. Ukivuta sawasawa, nywele zinafumuka na kuzunguka ndoano nzima kama sketi ya mtoto anayecheza ngoma. Ni sekunde mbili tu. Ndani ya sekunde hizo mbili kuna kila kitu.

Kisha unapenyeza uzi katikati ya hizo nywele bila kuzilaza, unazisukuma nyuma kwa kucha au kwa mrija wa biki iliyokwisha, kwa nguvu, mpaka zigandamane. Unaweka kitita kingine mbele ya kile cha kwanza, halafu kingine tena. Vitita vitatu, vinne, kwenye ndoano fupi kama punje ya mpunga na kidogo. Ukimaliza una kitu kama panya mdogo aliyeogopa. Hapo unashika wembe na mkasi. Chini unakata bapa, ili mdomo wa ndoano ubaki wazi na samaki ashikwe. Juu na pembeni unakata kwa mteremko, paa lile la mabawa. Wembe ukiteleza nywele moja chini zaidi unakata uzi, na kazi yote inafumuka mezani. Mwisho unaweka mbele unyoya wa shingo ya jogoo, na mashina mawili ya unyoya yawe pembe za mdudu. Hata jogoo hao si wa kawaida. Wanafugwa Marekani kwa ajili ya manyoya yao tu, nyama haina hesabu.

Mimi ni mtoto wa ziwa. Baba mdogo alikuwa mvuvi wa mikeke, na tukiwa watoto yeye ndiye aliyetufundisha kufunga unyoya mweupe wa kuku kwenye ndoano, nyingi kwenye kamba moja, za kushusha usiku chini ya taa. Mkeke, ambaye wenzetu wa Kigoma wanamwita mgebuka, ni mwindaji. Akiona kitu cheupe kinarukaruka anadhani ni ndagala, anakamata. Kwa hiyo nilipomwona mpwa wangu nilijisemea hii kazi naijua. Nikaomba nijaribu.

Siku ya kwanza nilikata uzi mara nane. Nilikuwa navuta kama mtu anayefunga mtumbwi. Siku ya pili nikaogopa kuvuta, nywele zikajikusanya upande mmoja, nikapata ufagio. Mpwa wangu hakucheka. Alikuja akasimama nyuma yangu, akaweka kidole chake juu ya changu, akasema, "Mujomba, usisukume na usiachie. Uache vidole visikie nywele zinapotaka kwenda." Sikuelewa. Siku ya sita ndipo nikaelewa, na nilielewa kwa kidole. Kichwa kilichelewa. Siku ya tisa nilizungusha vitita vitatu vizuri kabisa, nikakata kwa wembe, nikakata na uzi. Siku ya kumi na tatu nilimaliza moja. Tuliiweka kwenye bakuli la maji. Ilielea imelalia ubavu. Mke wake akasema imekunywa pombe.

Na mimi nilikuwa na mkono uliokwisha kufunga ndoano maelfu.

Yeye mwenyewe, alivyoniambia, alikaa miezi minne kabla mnunuzi hajakubali dazeni yake ya kwanza ya aina hiyo. Miezi minne ya kutupa. Alikuwa anaketi karibu na mama mmoja aliyefanya kazi hiyo tangu ujana, na huyo mama alikuwa akiichukua flai yake, anaitazama, anaipasua kwa wembe bila neno, anamrudishia ndoano aanze tena. Nywele alizoharibu zilikuwa nyingi na mwenye kazi alivumilia. Nyumbani walikula kwa mandazi aliyouza mke wake. Leo anafunga moja kwa dakika chache huku anaongea nami habari za nyumbani. Waliobaki kwenye zile nyepesi wengi wameacha, kwa sababu wafungaji wake ni wengi na bei inashuka. Mnunuzi anaweza kuwabadilisha kesho. Huyu hawezi kumbadilisha kesho, maana mwingine kama yeye anamtaka miezi minne.

Nikarudi nyumbani, upande huu, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni vyeti.

Shemeji yangu, mke wa kaka, anavyo vitatu. Amevitia katika plastiki avikinge na mvua. Cheti cha kutengeneza sabuni, siku kumi. Cheti cha kukata na kushona, wiki tatu. Cheti cha ujasiriamali, siku tano, na hicho kina mihuri miwili. Siku ya kumaliza walipiga picha, wakapewa soda na fulana. Nilimwomba anitengenezee sabuni. Akaniambia soda ya kufanyia sabuni hajawahi kuinunua mwenyewe, ililetwa na mwalimu, na mwalimu akaondoka nayo. Nikamwuliza kuhusu kushona. Katika wiki tatu alifika kwenye cherehani siku sita, kwa sababu walikuwa watu kumi kwa cherehani moja. Anajua kushona mstari ulionyooka. Kola hajui. Mfuko hajui. Zipu aliona mwalimu akiiweka. Sasa niambieni nani atampelekea shemeji yangu kitambaa cha sikukuu, wakati barabarani kuna fundi aliyekaa miaka mitatu kwa mkubwa wake?

Simcheki. Yeye ni mwanamke hodari aliyelima shamba kubwa kule mlimani kabla ya kufukuzwa na risasi. Kilichomshinda ni hesabu ya wale waliomfundisha. Katika eneo letu kuna wanawake wengi mno wenye cheti kile kile cha sabuni, na wote wanaitazama njia moja wakingoja mnunuzi mmoja. Hizo ni flai nyepesi. Kila mtu anaziweza kidogo, basi hazina bei.

Turudi kwenye swali la Jumanne. Watu 200 kwa wiki tatu ni wiki 600 za kufundishwa. Watu 25 kwa wiki 24 ni wiki 600 vilevile. Kwenye karatasi ni sawasawa. Mikononi si sawa hata kidogo, kwa sababu katika kazi yoyote yenye maana wiki tatu za kwanza ni za kukata uzi. Ukimwondoa mtu hapo, umemwondoa akiwa bado anatengeneza ufagio. Umefanya hivyo mara 200. Wiki zote 600 zimeisha na hakuna hata mmoja aliyefika siku ya sita.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. Baba mmoja mwenye watoto saba aliniambia mbele ya watu: "Wewe muandishi unakula. Hizo wiki tatu wanatoa franka za usafiri kila siku. Mimi sitafuti ufundi, ninatafuta hizo franka." Nilinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Kwa familia nyingi mafunzo ni posho iliyovaa koti la mafunzo. Sasa, kama ni posho tunataka, tuseme posho. Tuwaambie wenye fedha: gaweni hizo franka kwa familia zote, kila familia ipate chake mkononi, msitupotezee wiki tatu. Hilo ningeliunga mkono kwa mikono miwili. Ninachokataa ni kumchukua mama mwenye njaa, kumketisha kwenye benchi, kumpa franka za siku tatu na karatasi yenye muhuri, kisha kuandika katika ripoti kwamba sasa ana kazi.

Jibu la pili ni gumu zaidi: nani atawachagua hao 25? Sote tunajua orodha zinavyoandikwa. Jina la mtoto wa mkubwa wa bloku linakuwa la kwanza, la mjane linakuwa la 26. Watu 200 wanapendwa kwa sababu katika 200 hata asiye na mtu anaweza kuponyoka na kuingia. Hapa sina dawa kamili. Ninachopendekeza ni majina yatolewe kwenye ndoo, mchana, mbele ya watu wote, bloku kwa bloku, na mtoto mdogo ndiye atie mkono. Aliyetoka na hataki, amwachie anayefuata, asiuze nafasi. Na wale 25 wale, wao na watoto wao, kwa wiki zote 24, ama wataacha wiki ya tano na fedha itapotea yote. Bila chakula, mimi mwenyewe nitahamia upande wa 200. Mpwa wangu asingefika mwezi wa nne bila yale mandazi.

Kuhusu ufundi gani, mnielewe vizuri, sisemi tufungue atelye ya flai Baraka. Nywele zinatoka Marekani kwa ndege mpaka Nairobi, flai zinarudi kwa ndege. Sisi hata gunia la muhogo kulifikisha Uvira ni vizuizi na kodi mpaka linabaki nusu. Nawaomba tu mtafute flai ngumu ya hapa. Na hapa ziko. Wavuvi wetu wameacha taa za mafuta, wengi sasa wanavua kwa taa za betri, na betri ikifa wanaitupa kwa sababu hakuna wa kuifungua. Mota ya mtumbwi ikigoma, inavukishwa ziwa kwenda kutengenezwa ng'ambo, na mwenyewe anakaa majuma bila kazi. Seremala wa mitumbwi mikubwa ya mbao ninaowajua wamebaki watatu, wote wana mvi. Hizo zote si kazi za wiki tatu. Ndiyo sababu hakuna mradi unaozigusa, na ndiyo sababu zina bei.

Hata mafundi wengine tunao humu humu ndani ya vibanda, na hakuna aliyewauliza. Kuna muzee katika bloku ya nne, aliyehama maji ya ziwa yalipopanda na kumeza nyumba yake, ambaye anasoma wavu uliochanika kama sisi tunavyosoma barua. Nilimkuta anaurudisha wavu wa ndagala wa mtu, matundu madogo kiasi kwamba mimi nilihitaji miwani. Hakutazama hata mkono wake. Alipoandikishwa kwa mafunzo mwaka jana, kwenye karatasi mahali pa "kazi" walimwandikia "hana". Wakamfundisha sabuni. Kama tungekuwa na akili, huyo angekaa upande wa mwalimu na kulipwa kama mwalimu, na nailoni ya kuharibu iwepo ya kutosha, gunia zima, si mita mbili za kuonyeshea.

Hiyo ya kuharibu ndiyo bajeti isiyopenda kuandikwa. Nimeona karatasi za miradi zenye mstari wa soda, mstari wa fulana, mstari wa bango. Mstari wa vitu vya kuharibu sijauona. Mpwa wangu aliharibu nywele za ngozi ngapi za ayala? Alijaribu kuhesabu akaacha. Mwanafunzi wa mota anahitaji mota mbovu ya kufungua mara ishirini na kuikosea. Mwanafunzi wa betri ataunguza vyombo. Tukikubali 25, tudai kwanza mstari huo, kabla ya fulana.

Shemeji yangu amesoma haya kabla sijayaweka hapa, kwa sababu nimemtaja. Ameniruhusu. Ameongeza tu kwamba yeye atapiga kura ya 200, juu ya binti yake ambaye bado hana cheti hata kimoja. Tumebishana mpaka usiku na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Ile flai yangu iliyolewa nimerudi nayo. Iko ndani ya kiberiti mfukoni mwangu, na Jumanne nitaipitisha mkono kwa mkono watu waione. Kikao ni saa tatu asubuhi, chini ya mwembe karibu na kisima. Wenye watoto wadogo waje nao, mradi wasiiguse, ndoano ni kali.